Bwawa Lililo Juu ya Boma la Mama Yako

Kehancha, Jumatano asubuhi

Mama Achieng, mke wangu,

Nakusalimu, hata kama salamu zangu huzitaki. Kidonda cha upasuaji kinaendeleaje? Mama yangu aliniambia umetolewa nyuzi, na kwamba sasa unafika mpaka kwenye mfereji na kurudi bila kushika ukuta. Nilimshukuru Mungu. Na huyo mdogo wetu, Robi, ananyonya vizuri? Ana nywele au ni kipara kama mimi nilivyozaliwa? Mama alisema masikio ni yangu kabisa. Pole yake. Achieng naye bado anauliza baba yuko wapi, au umeshamfundisha jibu? Mimi kwa upande wa mwili ni mzima. Moyo usiniulize, na najua huulizi.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu zangu unazikata. Jumapili uliipokea mara moja tu, nikasikia mtoto analia kwa nyuma, nikasema, "Boke," na wewe ukakata. Nilibaki nimeishika sikioni kama mjinga, watu wa hoteli wananiangalia. Sasa karatasi huwezi kuikata. Kuichoma unaweza, lakini mpaka upate kiberiti utakuwa umeshasoma mistari miwili mitatu, na mimi hiyo inanitosha. Nimempa mama mmoja anayeleta omena hapa sokoni kutoka huko Homa Bay. Ni mtu wa kanisa, hataifungua.

Najua Marwa ameshakueleza. Kaka yako ni mwenyekiti wa kamati ya bwawa na mdomo anao, hilo halina ubishi. Atakuwa amekwambia kwamba mume wako Mjaluo amewaonea wivu watu wa kwenu, akangoja Jumamosi, Sabato yao, wote wako kanisani, akamwaga bwawa zima, ng'ombe wakabaki wanalamba matope na vitalu vya tumbaku vikanyauka. Ati aliajiriwa alinde maji, akageuka kuwa mwizi wa maji. Si ndivyo alivyosema? Basi nakubali. Nilimwaga. Hakuna aliyenituma na sikuwa nimelewa. Kitu nisichokubali ni hiyo hadithi ya wivu. Wivu wa nini? Wa matope?

Unakumbuka nilivyokuja huku. Ni Marwa huyo huyo aliyenipigia simu, akasema, "Shemeji, kuna kazi ya kibarua, bwawa linajengwa juu ya kwetu, njoo." Wakati huo wewe ulikuwa unashona hapo mtaani na mimi sina hata pa kubeba mzigo. Nikaja, nikapewa sepetu. Siku ya kwanza mhandisi alitukalisha chini kwenye nyasi, akatueleza vizuri kabisa. Alisema hili si bwawa la kunyweshea ng'ombe. Ni bwawa la kuzuia mafuriko, kwa sababu kila masika kile kijito kilikuwa kinashuka kwa hasira, kinaingia kwenye maboma ya chini na kukata barabara. Kwa hiyo linatakiwa kukaa tupu. Mvua kubwa ikija, lijae, halafu maji yatolewe pole pole kwa lile bomba la chini, libaki tupu tena, lingoje mvua nyingine. Tukampigia makofi. Hakuna hata mmoja aliyemwamini. Nenda kamwambie mtu ambaye ng'ombe wake walikuwa wanatembea nusu siku kutafuta maji kwamba sasa amejengewa bwawa, na kazi yake ni kukaa tupu! Alipoondoka tu, watu walianza kugawana sehemu za kunyweshea.

Sasa kuna jambo ambalo sijawahi kukwambia, na nadhani ndilo linalonila zaidi. Pale ukuta ulipopita, upande wa kulia ukitazama juu, palikuwa na kichuguu kirefu kunipita mimi. Kichuguu kwenye njia ya ukuta wa udongo unakichimba mpaka chini, mpaka unamkuta malkia, halafu lile shimo unalijaza udongo mzuri na kushindilia. Hata mtoto wa fundi wa nyumba anajua, mchwa ukiwafunika hawafi, wanaendelea na kazi yao. Lakini ule mtambo wa kushindilia ulikuwa unahitajika mahali pengine kesho yake. Msimamizi akasema, "Kateni kichwa, funikeni, twende." Mimi nikauliza, "Na huko chini je?" Akaniangalia kuanzia gambuti mpaka kofia. Akasema, "Kwani wewe ni mhandisi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Boke. Nikacheka nao, nikainua sepetu, nikafunika. Nilikuwa nataka kazi, ndiyo sababu, sina nyingine.

Bwawa lilipokwisha kujengwa, Marwa akanifanya mlinzi wa bwawa. Kazi yenyewe unaijua, kufyeka nyasi, kufukuza ng'ombe wasipande juu ya ukuta, kufungua na kufunga koki ya lile bomba. Koki nilikuwa nafungua kidogo, kamati inakuja inafunga. Nafungua, wanafunga. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Bwawa likakaa limejaa mpaka juu, kila mtu anafurahi, na mimi naonekana mtu mwenye kisirani.

Halafu mwaka huu pakatokea maji chini ya ukuta. Palikuwa pamelowa tu kwanza, kama mtu amemwaga karai la kufulia. Baadaye yakaanza kutiririka, kidogo kidogo, mpaka kwenye shamba la mama yako. Yalikuwa maji meupe, safi. Mama akafurahi sana. Akapanda sukuma wiki, akapanda na managu, na wakati wa jua kali ambapo kijiji kizima kinakula mboga kavu, yeye anawagawia majirani mafungu mazima. Alisimama kanisani akashuhudia kwamba Mungu amemfungulia chemchemi katika ujane wake. Sasa wewe niambie, nani ana moyo wa kwenda kumwambia mjane kwamba chemchemi yake ni ukuta unaoliwa?

Sikusema kitu kwanza, maana yule mhandisi alitufundisha kwamba maji safi yakivuja si neno sana. Yakianza kutoka na udongo, kimbia. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakinga kwenye chupa ya soda na kuiweka dirishani kwangu. Asubuhi hii chupa moja, kesho nyingine, nazipanga. Wiki mbili za kwanza, safi. Halafu siku moja nikaona chini ya chupa kuna udongo kama unga kidogo tu. Siku iliyofuata ukaongezeka. Baada ya siku chache, chupa ikitulia, udongo unafika kidole kizima. Ule ulikuwa ukuta wenyewe, Boke. Ukuta ulikuwa unatoka pole pole na kuingia kwenye mboga za mama yako.

Nilizibeba zile chupa zote kwenye gunia, nikaenda nazo kwenye kikao cha kamati. Nikazipanga mezani. Marwa akashika ya mwisho, akaitikisa, akainusa. "Shemeji," akasema, "hii chai umesahau kuweka sukari." Kicheko! Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Nikawaeleza yote, nikawaomba tufungue koki tu mpaka maji yashuke chini, tuangalie ukuta kwa ndani. Wakasema vitalu vya tumbaku vitanywa nini. Wakasema ng'ombe. Marwa akamalizia, "Kumbe mtu wa ziwa anaogopa maji ya ng'ombe!"

Nikamwambia, "Ndiyo, naogopa. Mimi nimezaliwa kando ya maji mengi. Nimemngoja mjomba wangu ufukweni siku nne mpaka alipoelea. Nyinyi hapa hamjawahi kungoja mtu hivyo."

Hapo hawakucheka, lakini pia hawakubadilisha neno. Nilikusanya chupa zangu nikaondoka.

Usiseme sikufuata njia. Nilikwenda kwa chifu. Nilipeleka barua ofisi ya maji, nikaenda tena, nikaenda mara ya tatu, mpaka askari wa langoni akaanza kuniita Bwana Bwawa. Mwishowe akaja afisa mmoja kwa gari jeupe. Viatu vyake vilikuwa vizuri mno, kwa hiyo hakushuka mpaka kule chini kwenye maji yenyewe. Alisimama juu ya ukuta, akapiga picha, nyingine akapigwa yeye na bwawa nyuma yake. Nikamwonyesha chupa. Akasema, "Tumepokea." Nikamuuliza kama ninaweza kufungua koki. Akasema, "Hilo ni la jamii. Kaeni chini mzungumze kama jamii." Gari likaondoka. Jioni ile ile Marwa alikuja na spana, akang'oa usukani wa koki, akaubeba kwapani kwenda nao nyumbani kwake. "Usije ukajaribiwa, shemeji," akaniambia. Na alikuwa anatabasamu. Mtu mwenyewe nyumba yake ameijenga juu, karibu na barabara, ambako hata maji ya Nuhu yangemkuta amelala.

Nikabaki na mama. Yeye ndiye wa kwanza chini ya ukuta, unajua. Maji yakitoka pale hayamwachi nafasi hata ya kuvaa viatu. Lakini mimi na yeye tungezungumzaje? Mkwe hasogei kwa mama mkwe wake. Kwenu ni hivyo na kwetu ni hivyo, hilo tu ndilo Wakuria na Wajaluo hatujawahi kugombania. Sijawahi kupita mlango wake tangu nikuoe, wala kumtazama usoni. Niliwatuma wanawake wa jirani. Walirudi na mboga. Basi siku moja nikapiga moyo konde, nikaenda mwenyewe mpaka kwenye ua, nikasimama kwa nje, nimetazama barabarani. Nikasema kwa sauti, "Hodi za ua tu."

Alikuwa anapepeta. Nikasikia ungo umenyamaza. Akajigeuza, akanipa mgongo, kisha akamwambia jogoo wake, "Wewe jogoo, muulize huyo aliye nje ya ua anatafuta nini."

Na mimi ningefanya nini? Nikamjibu jogoo. Nikasema, "Jogoo, mwambie mama ukuta umeoza ndani. Ahamie kwa Marwa kwa muda, mpaka bwawa lishuke."

Akasema, "Jogoo, mwambie nimeletwa kwenye boma hili nikiwa msichana. Baba Marwa nimemzika hapa nyuma ya nyumba. Nikihama, nani atamfagilia? Na hiyo mboga nani atachuma? Mwambie pia namshukuru kwa heshima yake, sasa aende."

Jogoo mwenyewe alikuwa ameshaenda zake. Ungo ukaanza tena. Nikarudi, na njiani nikacheka peke yangu, halafu nikaona machozi yananitoka. Nilikuwa nimemwambia mtu kwamba atakufa, akanishukuru kwa heshima.

Basi nikachagua Jumamosi. Mimi Mkatoliki, siku hiyo sina mahali pa kwenda, na watu wa kwenu wote wako kanisani tangu asubuhi, hata wachungaji wa ng'ombe. Nilishuka kwenye koki na spana kubwa ya bomba, niliyoazima kwa fundi mmoja hapa mjini. Usukani ulikuwa kwa Marwa, lakini kile chuma kilichobaki kinashikika. Nikakazana. Kwanza kikakataa. Nikatia mafuta, nikangoja, nikajaribu tena, nikasikia kimelia. Nikazungusha mpaka mwisho. Maji yakatoka kwenye bomba kwa kishindo, yakaingia kwenye kijito kama yalivyotakiwa kuingia tangu zamani. Kijito kilijaa lakini hakikuvuka kingo zake. Hakuna shamba lililoguswa, hakuna kuku aliyelowa. Nilikaa juu ya jiwe nikitazama. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi naweza kupumua.

Hapa sasa nakwambia wewe peke yako, na ukitaka kunifunga unaweza. Watu wote niliwaambia kile chuma cha koki kilikatika chenyewe kwa sababu ya kutu. Hakikukatika chenyewe. Nilijua watatoka kanisani waje wafunge, kama walivyofanya siku zote. Kwa hiyo nilichukua nyundo nikakipiga mpaka kikavunjika, koki ikabaki wazi. Niliharibu mali ya umma kwa mikono yangu, nikiwa na akili timamu. Hata padre sijamwambia.

Walikuja mchana wakiwa na nguo zao za kanisa, na Biblia mkononi. Nani angefunga? Wengine walijaribu kuziba bomba na magunia, maji yakayatapika. Wanawake walinilaani. Marwa alinipiga kofi mbele ya watoto wake, nami sikurudisha, kwa sababu yako. Maji yalitoka siku tatu. Na yale maji ya shamba la mama yako yalikauka, mboga zikaanza kulala. Nilimwona kwa mbali anabeba maji kwa ndoo kutoka kijitoni, anamwagilia jani moja moja. Kati ya yote, hilo ndilo lililoniuma.

Bwawa liliposhuka, nikaenda upande wa ndani. Shimo lilikuwepo. Mahali pale pale pa kichuguu, Boke! Nilitambua hata kabla sijafika. Mdomo wake ulikuwa mpana kama karai. Nilijilaza kifudifudi nikaingiza mkono mpaka begani, sikugusa mwisho. Nikaingiza ufito mrefu, ukaingia wote. Ukuta mzima pale ulikuwa ganda tu, na juu yake watu wanapitisha ng'ombe. Nilikimbia kumwita kila mtu. Nilikuwa na furaha, unaamini? Nilidhani sasa wataona, sasa yataisha.

Waliliangalia. Mmoja akachuchumaa akachungulia. Kisha Marwa akasema, "Umechimba wewe."

Nikauliza, "Mimi?"

"Siku tatu uko hapa peke yako na jembe. Ulitaka kutuonyesha shimo, na shimo umetuonyesha."

Ningesema nini? Kwamba najua kichuguu kilikuwa hapo kwa sababu mimi ndiye niliyekifunika? Nilisema hivyo hivyo. Nikawaambia yote, kuhusu msimamizi na sepetu. Mzee mmoja akatikisa kichwa. "Basi si ni wewe tangu mwanzo," akasema. Wakaondoka. Ungeniona, Boke. Kama ningekaa kimya ukuta ukapasuka, leo ningekuwa shahidi. Wangenisikiliza, wangeniandika kwenye ripoti, wangelia na mimi makaburini. Kwa kuwa haukupasuka, mimi ni mwendawazimu aliyemwaga maji. Ndiyo shukrani yenyewe hiyo.

Kazi wamenifukuza. Nimepanga chumba hapa mjini, nabeba mawe kwa fundi anayejenga duka nyuma ya soko. Na bwawa unadhani walilifanya nini? Wamepata koki nyingine. Lile shimo wamelitia mawe na udongo, wakalikanyaga kwa miguu, mdomo tu. Ndani liko vile vile. Ni sawa na kumfunga kitambaa mtu mwenye jipu. Wakafunga koki, wakaomba mvua. Imekuja. Tangu wiki iliyopita inanyesha kila alasiri, hiyo yenye mawe. Juzi nilipanda kilimani upande wa pili kuangalia, kwa sababu kwenye ukuta siruhusiwi kukanyaga. Maji yamepita nusu. Na pale chini, kwenye shamba la mama, yameanza tena. Hata kwa mbali niliona rangi. Sihitaji chupa tena.

Yale maboma mengine ya chini nimeyapitia moja moja. Wawili wamehamisha ndama na bibi zao wazee. Mmoja alinifungulia mbwa. Chifu nimemrudia, ameniambia nikitia watu hofu tena atanilaza ndani. Mama yako hataki kusikia sauti yangu, na sasa hata jogoo hatumwi.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja, na ndilo limenifanya niandike yote haya. Mtoe mama pale. Usimwambie habari ya bwawa. Ukitaja bwawa tu atajua ni mimi, na hatainuka. Mdanganye. Mwambie kidonda kimefunguka. Mwambie huwezi kuinama kumwogesha mtoto, na mtoto amepewa jina lake yeye, na analia usiku kucha anamwita mwenye jina. Mwambie unavyotaka, dhambi niandikie mimi. Mjukuu atamtoa, najua. Kaburi la mzee, Marwa anaweza kulifagia, na hata asipolifagia, mzee hatakasirika.

Lakini atakuuliza, "Na mumeo?" Mama mkwe hawezi kulala nyumba ya mkwe wake na mkwe yuko ndani. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na pazia. Najua atakuuliza hivyo kabla hajauliza nauli. Nilikuwa nimepanga kuja mwisho wa mwezi huu, Boke. Nilikuwa nimeshamwambia fundi. Nilimnunulia mtoto kofia ya kufuma, nyekundu, ipo hapa mezani, na mama wa samaki amekataa kuibeba kwa sababu itanuka omena. Basi mwambie sitakuja. Mwambie nimeapa kutokanyaga Homa Bay mpaka yeye arudi kwake kwa hiari yake. Mwambie tumeachana, kama hiyo ndiyo itamtuliza. Akae mpaka mvua ziishe, na baada ya hapo akae tena. Robi nitamwona akishajua kutambaa, au akishajua kutembea. Achieng mwambie baba ana kazi nyingi. Hilo nadhani ulishamwambia.

Sikuombi unisamehe leo. Shemeji yangu ni kaka yako wa tumbo moja, na mimi nimekuja kwenu nikiwa mgeni, sikulazimishi uchague. Niite mpumbavu, niite adui wa ng'ombe. Mwaka mzima ukipita na ule ukuta ukisimama, mtanicheka wote pamoja na mimi nitakuwa wa kwanza kufurahi. Wallahi, naomba iwe hivyo. Sijawahi kuomba nionekane mjinga kama ninavyoomba sasa.

Nisalimie mama yangu, mwambie mgongo wake aupumzishe, maji achotewe. Msalimie mdogo wangu anayevua, mwambie asiende majini upepo ukiwa mbaya hata wenzake wakienda. Mama mwenye nyumba naye umsalimie, na umwambie atakayekuja kukaa nawe ni mtu mtulivu, ila anaamka mapema sana. Na huyo mama aliyekuletea barua hii umpe hata chai, ametembea nayo kifuani.

Anafunga mizigo sasa, ananiita. Wingu limeshakuwa jeusi upande wa kwenu. Mpigie mama yako kwanza, halafu ndipo uendelee kunikasirikia.

Mumeo,
Odhiambo, baba Achieng na Robi